Tusilinganishe Bei Kabla ya Kulinganisha Kazi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hukaririwa sana madarasani na kutungiwa insha, lakini ni nadra kuisikia mahali inapohitajika mno, yaani kwenye gereji. Mwalimu anayeishi au kufundisha Milimani, mjini Nakuru, akiambiwa kwamba mkanda wa taimingi wa gari lake umefikia wakati wa kubadilishwa, hujikuta mbele ya njia mbili. Njia ya kwanza humpeleka kwa wakala wa kampuni iliyounda gari hilo, penye sakafu ya vigae, viti vya kungojea na karani wa kupokea wateja. Njia ya pili huteremka hadi kwa fundi wa jua kali, ambaye paa lake ni mabati na sakafu yake ni udongo uliolowa mafuta machafu. Bei ya wakala humshtua; bei ya fundi humfurahisha. Basi hurudi katika chumba cha walimu akitangaza kwamba mawakala ni wanyang'anyi, naye mwenzake aliyewahi kuharibiwa injini hujibu kwamba mafundi wa jua kali ni matapeli. Mjadala huwa mkali, na kengele ya kipindi hulia kabla haujafika popote.

Kwa maoni yangu, mjadala huo haufiki popote kwa sababu wanaojadiliana wameweka pamoja nambari mbili zisizohusu kazi moja. Ni kama kulinganisha karo ya shule ya bweni na karo ya shule ya kutwa, kisha kudai kwamba mwalimu mkuu wa bweni ni mwizi, bila kuuliza kitanda na chakula vimehesabiwa wapi.

Hebu kwanza tuelewe kinachonunuliwa. Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno upande wa ndani, ulioimarishwa kwa nyuzi za kioo. Kazi yake ni kuunganisha krenki, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti sharti izunguke mara moja, si zaidi wala si pungufu. Mwanafunzi wa fizikia na apige hesabu: injini ikienda kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 50 kila sekunde, na kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde hiyo hiyo. Mpangilio wote huo umeshikiliwa na kipande cha mpira ambacho mwenye gari hakioni, maadamu kimefichwa nyuma ya kifuniko.

Mkanda huo ukikatika, matokeo hutegemea aina ya injini. Injini kadhaa za petroli za Toyota za miaka ya 1990, kama zile za Corolla, ziliundwa kwa namna ambayo valvu na pistoni hazikutani hata mpangilio ukivurugika. Gari husimama tu njiani, likavutwa, likafungwa mkanda mpya na kuendelea na safari. Lakini katika injini za dizeli, na katika injini nyingi za Subaru zenye mkanda, pistoni hupanda na kuzikuta valvu zingali wazi. Valvu hupinda, na pengine silinda hedi na pistoni zenyewe hudhurika. Kazi iliyokuwa ya nusu siku hugeuka kuwa ya kufungua injini nzima. Jambo baya zaidi ni kwamba mkanda haupigi kelele kama breki zilizokwisha. Aghalabu hukatika bila kubisha hodi.

Ndiyo sababu watengenezaji huweka muda wa kuubadilisha. Kwa injini nyingi za Kijapani muda huo ni kilomita 100,000 au karibu na hapo. Nyingine huzidi na nyingine hupungua. Umri nao huhesabiwa, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Mafuta yanayovuja kwenye sili huulainisha na kuuharibu mkanda, na vumbi likipenya kwenye kifuniko kilichovunjika huyala meno yake. Sisi wa mji ambao jina lake husemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, hatuna haja ya kufafanuliwa hilo.

Sasa tutazame hali ya magari yetu. Mengi ya magari ya walimu, yaliyonunuliwa kwa mikopo ya Sacco, yametumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Kanuni ya viwango ya Kenya, KS 1515 ya mwaka 2000, huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini, lakini gari la miaka saba nalo tayari lina historia, na mara nyingi historia hiyo haifiki pamoja nalo. Kitabu kikija huwa kimeandikwa Kijapani. Kuna desturi moja njema, hata hivyo, ambayo wengi wetu hatuifahamu. Mafundi wa Japani wanapobadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti, ikionyesha tarehe na kilomita za siku ile. Herufi zake hatuzisomi, lakini tarakimu tunazisoma. Msomaji mwenye gari la namna hiyo na ainue boneti aitafute kabla ya kuuliza bei popote.

Kadhalika, na aulize iwapo gari lake lina mkanda huo hata kidogo. Toyota Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ haina mkanda wa taimingi. Ina mnyororo wa chuma, ambao haubadilishwi kwa ratiba hiyo. Asiyejua hili aweza kutozwa fedha za mkanda usiokuwapo. Vilevile aweza kubadilishiwa mkanda wa feni, ule unaoonekana kwa nje, akaamini kwamba kazi kubwa imefanywa.

Tukishajua hayo, twende kwenye hesabu. Natoa mfano wa kutungwa, si bei ya wakala wala fundi yeyote, ili tuone umbo la jambo lenyewe. Tuseme wakala ameandika hivi: mkanda shilingi 6,000, kikazio na makapi yake 9,000, pampu ya maji 7,000, ujira 10,000. Jumla ni 32,000. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo ni 5,120, upate 37,120. Fundi wa jua kali naye amesema kwa mdomo: mkanda 2,500, ujira 3,500, jumla 6,000. Mwalimu wetu anaona kwamba wakala anamtoza zaidi ya mara sita. Nani asiyeghadhibika?

Lakini tumtake fundi huyo huyo afanye kazi ile ile ya wakala. Tununue vipuri vile vile vyenye nembo ya kampuni, kwa risiti na kwa kodi yake: 22,000 jumlisha 3,520, yaani 25,520. Tumlipe fundi ujira wa 5,000, kwa kuwa sasa ana mengi ya kufungua. Jumla ni 30,520. Tofauti kati yake na wakala imekuwa 6,600, ambayo ni chini ya moja ya tano ya bei ya wakala. Zile 31,120 zilizotuchoma moyo hapo awali zimeyeyuka. Zilikwenda wapi? Sehemu kubwa haikuwa katika mkono wa fundi. Ilikuwa katika vipuri ambavyo havikununuliwa, ubora wa kile kimoja kilichonunuliwa, na kodi isiyolipwa. Msomaji aweza kuweka bei halisi za gari lake mahali pa hizi zangu. Nambari zitabadilika, lakini nathubutu kusema kwamba umbo litabaki hilo.

Huenda mtu akauliza: kuna haja gani ya kubadilisha kikazio, makapi na pampu ilhali kilichozeeka ni mkanda? Haja ipo. Kikazio na makapi yana beringi ambazo zimezunguka kilomita zile zile ulizozunguka mkanda. Katika injini nyingi pampu ya maji nayo huendeshwa na mkanda huo huo. Mkanda mpya ukiwekwa juu ya beringi iliyochoka, siku beringi itakapokwama mkanda mpya utakatika kama wa zamani, na ujira wa kufungua utalipwa mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeziba ufa mmoja kati ya minne hajaokoa ukuta wake.

Zile 6,600 zilizobaki katika mfano wetu nazo si bure. Wakala ana kitabu cha injini, spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati, na udhamini ulioandikwa. Haya ni mambo ya maana. Fundi asiye na kitabu huweka alama kwa chaki kwenye mkanda mkuukuu, kisha huhamishia alama hizo kwenye mkanda mpya. Njia hiyo hufaulu iwapo mkanda wa zamani ulikuwa umepangwa sawasawa. Kama ulikuwa umeruka jino moja, kosa hunakiliwa lilivyo, mfano wa mwanafunzi anayenakili jibu la jirani pamoja na makosa yake. Hata hivyo, fundi wa jua kali naye ana jambo ambalo wakala mara nyingi hana: humruhusu mwenye gari asimame kando atazame. Fundi stadi, akimaliza kufunga, huizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha huhakikisha kwamba alama zote zimerudi mahali pake kabla ya kuwasha injini. Mwenye gari aliyeshuhudia hilo ana ithibati ambayo kiti cha kungojea hakiwezi kumpa.

Isitoshe, wakala si malaika. Yamkini atapendekeza kubadilisha vitu ambavyo vingali vizima, na gari lililoundwa kwa soko la Japani huenda likatofautiana na yale aliyoyauza yeye hapa nchini. Tena nembo ya kampuni kwenye boksi si dhamana pekee ya ubora. Kampuni za Kijapani kama Aisin, Bando na NTN huwatengenezea waundaji wa magari vipuri, na huviuza vingine kwa jina lao wenyewe kwa bei nafuu. Anayenunua boksi la namna hiyo katika duka linalotoa risiti hajakosea. Anayekosea ni yule anayenunua boksi lisilojulikana limetoka wapi. Vipuri bandia vipo, na bunge lisingalipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008 kama havingekuwapo.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo pengine halitawapendeza wote. Tunapofika kwa fundi wa jua kali, kitu cha kwanza tunachokibana ni ujira wake. Bei ya mkanda hatuipunguzi, kwa kuwa fundi atasema duka ndilo liliyoipanga. Tunampunguzia yeye, kutoka 3,500 hadi 3,000, kutoka 3,000 hadi 2,500, nasi tunaondoka tukijisifu kwa ujanja wetu. Fundi naye ana watoto, tena huenda wamo katika madarasa yetu. Mtu anayelazimishwa kushusha bei ataishusha mahali pasipoonekana: atanunua mkanda wa bei ya chini kabisa, ataacha kubadilisha sili inayovuja, atarudisha kikazio kikuukuu baada ya kukifuta kwa petroli. Simtetei. Nasema tu kwamba utapeli huo una wazazi wawili, na mmoja wao ni mteja.

Sheria, kwa upande wake, haibagui vigae na udongo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, pamoja na habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu matengenezo ya magari. Humtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kazi, apate idhini ya mwenye gari, atoe ankara inayoeleza alichofanya, na awe tayari kurudisha vipuri alivyovitoa. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuudai mkanda mkuukuu mkononi? Kuushika tu, kuukunja na kutazama nyufa zake, ni somo. Na ni ushahidi kwamba umetolewa kweli. Wakala huyatimiza mengi ya haya kwa kuwa ana karani. Fundi hayatimizi kwa kuwa hakuna anayemwomba. Kitabu cha risiti huuzwa katika kila duka la vifaa vya shule mjini Nakuru, na bei yake haimshindi fundi yeyote.

Kwa nini basi fundi ana ujuzi lakini hana karatasi? Jibu limo katika historia yetu ya elimu. Mafundi wengi wa magari wa Kiafrika walijifunza kazi hiyo katika gereji za Wahindi, kisha wakatoka na kufungua zao, nao wakawafunza wanagenzi wao vivyo hivyo, kwa macho na kwa mikono. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyouonyesha ulimwengu kwamba sekta hii isiyo rasmi ilikuwa ikizalisha mali na kuajiri watu, na mwaka 1992 serikali ilichapisha waraka wa bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1985, ulianzishwa mfumo wa 8-4-4, ambao ulinadiwa kuwa ungemfunza mtoto kujitegemea kwa mikono yake. Walimu waliofundisha wakati huo wanakumbuka yaliyofuata. Karakana nyingi zilikosa vifaa, masomo ya ufundi yakawa ya kukariri, na mtoto aliyeanguka mtihani ndiye aliyeambiwa aende akajifunze umakanika. Tuliufanya ufundi kuwa adhabu ya kushindwa, kisha tukashangaa kwamba fundi hajiheshimu wala haheshimu daftari.

Leo kuna nafasi nyingine. Mtaala wa umilisi umeingiza masomo ya utangulizi wa ufundi katika sekondari ya chini. Mtihani wa ufundi wa serikali, wenye daraja la tatu hadi la kwanza, bado upo chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na hata aliyejifunzia kazini aweza kuufanya. Hakuna kinachomzuia mwalimu wa hisabati kuleta darasani makadirio mawili ya gereji na kuwataka wanafunzi waeleze tofauti zake, wala mwalimu wa Kiswahili kuwafunza kuandika ankara kama wanavyofunzwa kuandika barua rasmi. Mwanafunzi atakayekuwa fundi atajua kuiandika. Atakayekuwa mteja atajua kuidai.

Hoja hii huzidi uzito tunapofikia magari ya shule. Shule nyingi ndogo hutumia Toyota Hiace za dizeli, na injini nyingi za gari hilo zilizoko nchini zina mkanda wa taimingi. Linapohitaji matengenezo, kamati huomba makadirio matatu, kisha huchagua lililo chini. Kwenye karatasi utaratibu huo unaonekana safi. Lakini iwapo kadirio moja limetaja mkanda peke yake, na jingine limetaja mkanda, kikazio, makapi na pampu, kamati haikulinganisha chochote. Imechagua kazi ndogo na kuiita bei nafuu. Tufikirie gari hilo likipanda kuelekea Mau Summit, likiwa na watoto kumi na wanne na malori yakilifuata kwa nyuma, katika barabara ambayo Salgaa na Sachangwan zimejulikana kwa ajali zake. Mkanda ukikatika hapo, injini huzimika papo hapo. Usukani huwa mzito, na msaada wa breki hubaki kwa kukanyaga mara chache tu. Wakati huo hakuna mwanakamati atakayekumbuka ni shilingi ngapi ziliokolewa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Gari la shule, au gari ambalo mwenyewe hana muda wala ujuzi wa kusimamia kazi yake, na lipelekwe mahali panapotoa makadirio na udhamini wa maandishi, awe ni wakala au ni gereji ya kujitegemea yenye sifa hiyo. Mwenye gari la binafsi, anayemjua fundi wake na aliye tayari kununua vipuri vyote yeye mwenyewe kwa risiti, na aende kwa fundi bila hofu. Ataokoa fedha, ingawa si nyingi kama alivyodhani. Na katika hizo atakazookoa, na amwongezee fundi ujira, amdai risiti, akabandike karatasi ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita, kama wafanyavyo wenzetu wa Japani. Atakayelinunua gari hilo baada yake, na huenda akawa mwalimu mwingine wa papa hapa Nakuru, atainua boneti na kuisoma.